Jembe Lisilozindulika

Nchi yangu si nchi yenu. Nasema hivyo mapema ili asitokee msomaji wa kuniambia kwamba waziri wa hadithi hii anamfahamu. Hamfahamu. Nchi yangu iko mbali, ina bendera yake na wimbo wake, na ukiingia utaitambua kwa jambo moja tu: kila kitu kipya kimefungwa utepe.

Sheria yetu inasema kitu chochote cha serikali hakitumiki mpaka kizinduliwe, na anayekizindua lazima awe na cheo kinacholingana na ukubwa wa kitu chenyewe. Ni sheria nzuri. Inazuia watu kuyarukia maendeleo kwa pupa. Pale kwetu tuna daraja la zege, zuri kabisa, lina utepe mwekundu kila upande. Sisi huvuka mtoni chini yake, nguo tumezibeba kichwani, na tukifika katikati tunainua macho na kulisifu. Zahanati nayo ina kitanda kipya cha kujifungulia. Mama akija na uchungu analazwa kwenye mkeka pembeni yake, lakini hakatazwi kukitazama.

Basi mwaka huo Mheshimiwa Waziri wa Kilimo na Uzinduzi alitangaza redioni Mpango wa Taifa wa Nafaka Hai. Mkulima mdogo yeyote atakayelima nafaka bila mbolea ya dukani wala dawa ya kuua magugu atapewa mbegu na zana za kuanzia, na zana hizo atazichagua mwenyewe. Neno "mwenyewe" Waziri alilirudia mara nyingi mpaka tukaanza kuwa na wasiwasi.

Majirani zangu Mfaume na mkewe Sikudhani wakajiandikisha. Wana kishamba chini ya kilima, kinapakana na changu, na walitaka kupanda mtama. Mfaume ni mtu wa maneno machache; mengi yake ni "haya". Sikudhani ndiye mwenye kauli. Mimi niliingia kwa sababu nina maksai wawili na plau, na wao hawana.

"Shemeji," Sikudhani aliniambia, "twende sote tukachague. Wewe una mwili. Wakikuona watatuheshimu."

Nina tumbo, ni kweli. Sikujua kwamba litakuja kuniingiza serikalini.

*

Zana zilipangwa uwanja wa wilaya. Aliyetupokea ni Bwana Ngwembele, Afisa Uzinduzi wa Wilaya, mtu safi, mwenye mkasi mfukoni mahali ambapo wengine huweka kalamu.

Sikudhani hakuangalia rangi ya kitu chochote. Alikwenda moja kwa moja pembeni kabisa, akainua jembe la palizi lenye gurudumu moja, lile la kusukuma kwa mikono.

"Tunaanza na hili," akasema. "Dawa hatupigi, kwa hiyo adui yetu ni magugu. Hili linapita katikati ya mistari. Baada ya hili nataka mashine ya kupandia ya kukokotwa na ng'ombe, inayoachanisha mistari kwa upana wa hili jembe. Halafu ile mashine ya kupura ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Na kihenge cha bati cha kuhifadhia. Basi."

Bwana Ngwembele alilitazama lile jembe kama mtu aliyeletewa mjusi mezani.

"Mama, hiki hakizinduliki."

"Hakifanyi nini?"

"Hakizinduliki. Jembe la mkono huzinduliwa na balozi wa nyumba kumi. Hilo la gurudumu, kwa kuwa lina gurudumu, tunaweza kulipandisha kwa mtendaji wa kijiji. Mashine ya kupandia, labda diwani, kama hana msiba. Unaona aibu hiyo? Mpango wa Taifa uzinduliwe na diwani!" Akatushika mabega, akatugeuzia upande wa pili wa uwanja. "Chagueni ile."

Ile ilikuwa kombaini ya kuvunia. Ilikuwa na ngazi, kioo, kiyoyozi, na meno mapana kuliko nyumba ya Mfaume.

"Ile," alisema Bwana Ngwembele kwa sauti ya msikitini, "ni ya Waziri."

"Shamba letu ni dogo," akasema Sikudhani. "Ikiingia itageukia wapi?"

"Itageukia kwa jirani."

Jirani ni mimi, kwa hiyo nikakohoa. "Mkuu, kwangu kuna nyumba."

"Nyumba yako imezinduliwa?"

"Hapana."

"Basi, haipo kisheria."

"Na itatoka kwa nani kabla ya kuja kwetu?" Sikudhani akauliza. "Maana ikitoka kwa watu wanaopiga dawa itakuja na punje zao tumboni, zichanganyike na zetu. Hapo nafaka hai inakuwa nafaka nini?"

Bwana Ngwembele akamgeukia Mfaume, kama wafanyavyo maafisa mwanamke akiwazidi. "Mzee, wewe ndiye mkuu wa kaya. Unasemaje?"

"Haya," akasema Mfaume.

"Haya nini? Kombaini?"

"Haya, alivyosema yeye."

Afisa akakaa juu ya ndoo akajishika kichwa. Huruma ikanishika. Wilaya jirani ilikuwa imempata waziri kwa mzani wa kupimia pamba tu, na kabla hajafika barabara yao ilisawazishwa na mbwa wao wakafungwa. Yeye, tangu aanze kazi, mgeni wake mkubwa alikuwa naibu wa msaidizi wa mtu ambaye mwishowe hakuja.

Kisha akaruka juu. "Je, tukizipandanisha?"

Na kweli, alizipandanisha. Mashine ya kupura ikakaa chini, ya kupandia juu yake, lile jembe likafungwa kileleni gurudumu likielekea mbinguni, na kihenge cha bati kikasimamishwa nyuma ili kuongeza kimo. Akazungusha utepe kuanzia chini mpaka juu. Halafu akarudi nyuma, akafumba jicho moja.

"Mtambo Unganishi wa Taifa wa Nafaka Hai," akasema polepole, na macho yakamlengalenga.

Wizara ilipoletewa picha ilijibu kwamba kwa kimo hicho Mheshimiwa atakuja mwenyewe.

*

Mtambo uliletwa ukasimamishwa ukingoni mwa shamba la Mfaume, ukawekewa mgambo wa kuulinda. Bwana Ngwembele akasoma amri: asionekane mtu akiugusa mpaka Mheshimiwa afike wiki ijayo.

Wiki ijayo Mheshimiwa alikuwa anazindua kisima. Iliyofuata, alizindua tena kisima kilekile kwa kuwa mara ya kwanza maji yalitoka na vyura. Baada ya hapo alikwenda kuzindua ratiba ya uzinduzi. Mimi nilikuwa nimeshalima shamba la Mfaume, udongo umekaa tayari, na mawingu yalikuwa yameanza kujaa juu ya kilima. Mtama wa kwetu haubembelezi. Ukichelewa kuupanda na mvua za mwanzo, unakuja kutoa masuke kiangazi kikiwa kimekwishaingia, na unachovuna ni mabua.

Mvua ya kwanza ikanyesha usiku. Asubuhi nikamkuta Sikudhani amesimama mbele ya mtambo, matone yanadondoka kutoka kwenye utepe.

"Tupande kwa mkono," akasema Mfaume. Ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote mwaka ule.

"Tukipanda kwa mkono mistari itapinda, na ikipinda jembe la palizi halipiti. Halipiti, magugu yanakula mtama, sisi tunakula nini? Mwaka jana tulikula mihogo mitupu mpaka nikawa naota meno yananidondoka. Sitaki mwaka mwingine wa mihogo, Mfaume."

Mfaume hakusema haya. Alitazama chini.

Bwana Ngwembele alipofika kukagua utepe, Sikudhani alimfuata kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kwake kabla wala baada.

"Afisa, nina swali la kijinga."

"Uliza, mama. Serikali inayapenda sana hayo."

"Hivi, siku hiyo mbele ya Mheshimiwa, mashine ikigoma?"

Uso wa afisa ukabadilika rangi.

"Maana haijawahi kuendeshwa," Sikudhani akaendelea polepole. "Ng'ombe hawaijui. Mheshimiwa anashika mpini, televisheni zinapiga picha, ng'ombe wanakwenda upande, Mheshimiwa anakwenda upande wa pili. Yule afisa wa kule kwenye vyura siku hizi yuko wapi?"

"Kisiwani," alinong'ona Bwana Ngwembele. "Anahesabu popo."

"Pole yake."

Afisa alizunguka mtambo mara kadhaa. Kisha akatangaza, kana kwamba wazo limetoka kwake, kwamba kuanzia saa hiyo kutakuwa na mazoezi ya uzinduzi. Sheria imekataza kutumia. Kufanya mazoezi haijakataza.

"Kwa mbegu au bila mbegu?" akauliza Sikudhani.

"Bila."

"Na Mheshimiwa atapanda bila mbegu?"

Afisa akaushika mkasi mfukoni. "Kwa mbegu."

*

Mazoezi yanahitaji mtu wa kukaa mahali pa Mheshimiwa. Bwana Ngwembele alitukagua sote, akaligusa tumbo langu kwa kidole, akasema, "Huyu."

Ilikuwa hivi. Mashine ya kupandia ilishushwa kutoka kwenye mtambo. Mwanzoni mwa kila mstari ilifungwa kamba ya mgomba kuwa kama utepe. Mshereheshaji, kijana wa ofisi ya wilaya mwenye kipaza sauti, alisema, "Sasa kwa heshima na taadhima namkaribisha mgeni rasmi!" Mimi nikasimama, nikapunga mkono, nikakata kamba, nikatoa hotuba, nikashika mpini wa mashine. Mfaume akawaswaga ng'ombe, mbegu zikashuka. Tukifika mwisho, watu wakapiga makofi, tunaanza mstari mwingine.

Tatizo la kwanza lilikuwa ng'ombe. Wale maksai tangu wakiwa ndama wanaitwa Mwenyekiti na Katibu. Afisa alipomsikia Mfaume akimwambia Mwenyekiti "sogea, mvivu mkubwa wewe," alitaka kuzimia. Akaamuru wabadilishwe majina palepale, mmoja awe Umoja na mwingine Maendeleo. Kuanzia hapo kijiji kizima kilisikia kelele zikitoka shambani: "Maendeleo amelala tena! Mpige huyo! Jamani, Umoja amenikanyaga!" Jioni afisa akasema majina ya zamani yalikuwa na staha zaidi.

Tatizo la pili lilikuwa mimi. Mistari ya mwanzo nilisema tu "ahsanteni, tuchape kazi." Lakini mtu akisimama mbele ya watu wanaolazimika kupiga makofi, kuna kitu kinamwingia mwilini. Kufikia katikati ya shamba nilikuwa nikiahidi umeme. Nikaomba kiti chenye mto. Nikaomba maji ya chupa. Mbele kidogo nikamwambia Mfaume kwamba suala lake tumelipokea na linafanyiwa kazi.

"Shemeji," Sikudhani akapaza sauti kutoka kwenye gunia la mbegu, "hata kuchaguliwa hujachaguliwa! Fupisha, mvua inakuja!"

"Mama, usimkatize mgeni rasmi," akasema mshereheshaji.

"Mgeni rasmi anadaiwa na mimi bakuli langu la mboga. Kata kamba twende!"

Nikakata. Tulimaliza shamba zima, mpaka mstari wa mwisho, na mvua ikashuka tukiwa tunapiga makofi.

Mheshimiwa aliendelea kuahirisha. Magugu yalipochomoza, Sikudhani akauliza tena swali la kijinga, safari hii juu ya jembe la gurudumu. Likashushwa kutoka kileleni, likafanyiwa mazoezi shamba zima, likarudishwa kileleni likiwa limefutwa udongo. Kila mtu aliridhika, na zaidi ya wote mtama.

*

Siku moja kabla ya Mheshimiwa kufika kweli, Bwana Ngwembele alikuja na ratiba mkononi, akasimama ukingoni, na yeye, ambaye siku zote alikuwa akikagua utepe tu, akaliona shamba lote kana kwamba limeingia mjini bila kibali. Mtama ulikuwa umefika magotini, wa kijani kibichi, mistari imenyooka.

"Hii ni nini?"

"Mtama," akasema Mfaume.

"Nani aliuruhusu kuota?"

Mimi nikatazama mawingu.

"Haya yalikuwa mazoezi!" akafoka. "Ratiba inasema Mheshimiwa atapanda mbegu ya kwanza. Ya kwanza! Ataipanda wapi? Kichwani kwangu?" Akanigeukia. "Lete plau. Lima yote upya. Kesho nataka nione udongo."

Hapo hakuna aliyecheka. Mfaume alisogea mpaka mbele ya mistari akasimama, mikono inaning'inia, kama mtu anayezuia gari. Mvua za mwanzo zilikuwa zimekwisha kupita. Kupanda upya ingekuwa kupanda njaa. Mimi nilishika kamba ya maksai nikajifanya imenasa.

Sikudhani akaja taratibu, akifuta mikono kwenye kanga.

"Ng'oa, Afisa. Sisi hatukatai. Ila tuelekeze kidogo. Mtama huu umetoka kwenye mashine ya nani?"

"Ya serikali."

"Mbegu za nani?"

"Za Mpango wa Taifa."

"Kwa hiyo huu mtama ni wa serikali."

"Bila shaka!"

"Umeshazinduliwa?"

Bwana Ngwembele alikuwa ameinama kushika mche. Akaurudisha mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Basi uguse," akasema Sikudhani.

Jioni hiyo afisa alilizungushia shamba lote utepe, akasema Mheshimiwa mwenyewe ndiye atakayeamua kesho, uzinduliwe au ung'olewe.

*

Mheshimiwa Waziri alikuja na msafara mrefu. Tulimtarajia mtu mkubwa. Akashuka mtu mfupi, mzee, viatu vyeusi, sauti imekauka kwa hotuba. Aliketi chini ya turubai, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mwenye ng'ombe, nikaketishwa mstari wa mbele nisaidie mambo yakiharibika.

Ngoma zikapigwa. Ubeti wa wimbo wa taifa unaohusu utepe ukaimbwa. Kisha yule mshereheshaji wa siku zote akashika kipaza sauti.

"Sasa kwa heshima na taadhima namkaribisha mgeni rasmi!"

Nikasimama.

Naapa sikukusudia. Miguu ilikuwa imezoea. Nilikuwa nimekwisha kupunga mkono, nimechukua mkasi kwenye sahani, nimekata utepe, na nimesema, "Ndugu wananchi, umeme unakuja," ndipo nikaona hakuna anayepiga makofi. Nikageuka. Mheshimiwa naye alikuwa amesimama, mkono wake umenyooka kuelekea sahani tupu.

Bwana Ngwembele alikaa chini, pale pale kwenye majani, kama mtu anayewaona popo kwa mbali.

"Huyu ni nani?" Mheshimiwa akauliza.

Walinzi wakanisogelea. Sikudhani akawahi.

"Huyu ni wewe, Mheshimiwa. Ulipokuwa hujafika alikuwa anakuwa wewe. Amekata kamba kila mstari wa shamba hili, na kila alipokata tulipanda. Kama kuna wa kuadhibiwa ni mimi, nilitaka kuwahi mvua. Lakini naomba mtama using'olewe. Ndicho chakula chetu."

Mheshimiwa alinitazama mimi, akauliza kwa sauti ya chini ambayo kipaza sauti hakikuipata.

"Ulikata kamba hapa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na pakaota?"

"Pakaota."

Aligeukia mistari. "Mimi nimekata tepe nchi nzima," akasema. "Sijawahi kurudi nikakuta kimeota kitu."

Kisha akavua viatu. Mlinzi mmoja akadhani ni ishara, naye akavua vyake. Mheshimiwa akaelekeza kidole kileleni mwa mtambo, kwenye lile jembe, akaamuru lishushwe. Katibu wake akamnong'oneza kwamba hilo ni la ngazi ya mtendaji wa kijiji. Mheshimiwa akamwambia anyamaze.

Alishika mipini, akaingia kati ya mistari, akasukuma. Alisukuma mpaka mwisho, akageuka mwenyewe, akarudi, jasho linamtoka, tai imetupwa begani. Waandishi walimkimbilia wakapigiwa kelele na Sikudhani kwamba wanakanyaga. Mstari wa pili Mheshimiwa alikuwa amekwisha kuzoea, akaanza kupiga mluzi, akageuza uso kutuonyesha kwamba anaweza, na jembe likayumba, likang'oa mche mzima wa mtama.

"We baba!" Sikudhani akapiga ukelele. "Huo mtama! Macho yako wapi?"

Katika nchi yangu hakuna mwanamke aliyewahi kumwuliza waziri macho yake yako wapi na akalala kwake siku hiyo.

Mheshimiwa aliinama, akauokota ule mche, akauchimbia udongoni kwa vidole, akaushindilia.

"Nisamehe, mama," akasema.

Hilo halikurushwa redioni, kwa sababu kiongozi wa bendi alipoona waziri ameinama alifikiri hotuba imekwisha, akapiga wimbo wa taifa wote. Taarifa ya habari ilisema tu kwamba Mheshimiwa amekagua.

Mtama haukung'olewa. Ulipotoa masuke tulivuna kwa visu, na mashine ya kupura ilikanyagwa mchana kutwa na wanawake wa kijiji wakipokezana, bila utepe, maana utepe wote Sikudhani alikuwa amefungia mafungu ya masuke. Kihenge kilijaa mpaka kifuniko kikagoma kukaa. Mfaume alipoonja ugali wa kwanza alisema, "Haya," na nilimwelewa kabisa.

Ule mche Mheshimiwa aliourudisha ardhini ulikauka baada ya siku chache. Ni hasara pekee ambayo serikali imetutia katika shamba lile, na Sikudhani anasema, kwa serikali yetu, hiyo ni rekodi.